Mkoa wa Pwani Tulioutembea Troyeville

Nyumba yetu ya Troyeville, hapa Johannesburg, ina vyumba vinne na baraza la mbele lenye ukingo wa chuma. Kimoja changu, kimoja cha mjukuu wangu anayesoma chuo pale Doornfontein, kimoja tumejaza vitu, na kile cha nyuma chenye mlango wake napangisha. Miaka mitatu alikaa humo mwanamke wa Kifilipino. Jina lake ninalo, kama nilivyo na majina ya watu wote niliowahi kuishi nao nyumba moja tangu Tanga mpaka hapa, lakini sikumwomba ruhusa ya kuliandika. Basi hapa nitamwita mpangaji wangu, ingawa kwa mdomo sikumwita hivyo hata siku moja. Nilimwita mwanangu. Yeye aliniita Bibi, akimfuata mjukuu.

Alikuwa fundi wa kucha katika saluni moja upande wa Bezuidenhout Valley. Kutwa ameshika mikono ya watu, jioni anarudi anakaa na mimi jikoni tunachambua mchele. Kwao alimwacha binti mmoja kwa mama yake mzazi. Alipoondoka mtoto alikuwa na miaka minne. Alipohamia kwangu mtoto alikuwa na kumi na moja, na walionana kwenye simu tu, kila Jumapili. Nikaziona zile Jumapili zinavyofupika. Mtoto anasema hajambo, anasema shule nzuri, anasema bibi anamwita, anakata.

Mwaka jana mkataba wake wa saluni ulikaribia kwisha, mwenye saluni akampa mwingine wa miaka miwili atie saini. Wiki ile ile dada yake akamtumia tangazo kutoka kwao. Ofisi ya utalii ya mkoa inatafuta watu wa kutembeza wageni kwenye majengo ya kale na vivutio vya pwani, wawe wazaliwa wa mkoa, na walio mbali watasailiwa kwa simu ya video. Akaja jikoni na karatasi mbili, akaziweka mezani, moja huku na moja huku, sinia la mchele katikati.

"Bibi, nikipata hii narudi nyumbani. Nikikosa nasaini ile."

"Na mtoto?"

"Miaka miwili mingine atakuwa na kumi na sita. Sijui kama atakuwa bado ananitaka."

Nikamwambia basi tujitayarishe, usaili si kesho.

Tatizo lake lilikuwa majina. Mkoa wao ni wa pwani kama kwetu, na vya kuonyesha wageni ni vingi. Kuna gati la zamani wanaposhukia watu. Kuna mnara wa kengele uliosimama peke yake, mbali na kanisa lenyewe. Kuna kanisa la mawe ya matumbawe, na nyumba ya mapadri yenye sakafu ya mbao na madirisha ya makombe ya baharini yaliyokatwa membamba yakawekwa mahali pa vioo. Kuna mti mkubwa mkongwe wenye chemchemi miguuni, na mnara wa walinzi juu ya kilima, na mwisho fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa. Kila kimoja kina jina, na kila jina lina la pili, la mtakatifu, la kijiji, la padri aliyejenga. Akasoma daftari mpaka likachakaa. Akilifunga, hana kitu.

"Kichwa changu kimebaki na rangi za kucha tu," akasema. "Niulize pinki, nitakutajia kumi na nane."

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Sikujifunza kukumbuka kwa daftari, maana daftari lilikuwa moja na tulikuwa watoto sita. Nikitaka kumkumbuka mtu napita mlangoni kwake. Naanza kona ya mtaa wetu Tanga, kwenye kisima, napiga hodi nyumba ya kwanza, wananiitikia, nawahesabu mmoja mmoja na wageni wao, naenda ya pili. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinishindanisha na marafiki zake pale Doornfontein alipokuwa na duka lake la kushona. Anawaambia mwulizeni mama huyu nani alikaa nyumba ya saba. Nikawa nawatajia mpaka mbuzi.

"Unajifunza umekaa," nikamwambia mpangaji wangu. "Majina hayakai kwenye kiti. Vaa viatu."

Tukautembeza mkoa wake hapa hapa Troyeville. Geti letu likawa gati. Unatoka, unashuka, robot ya kona, taa ile ya kuongoza magari, ndiyo mnara wa kengele, ndefu, imesimama peke yake, na watu hawaisikilizi. Mtaa wa pili kuna nyumba ya kale iliyozibwa madirisha, ukuta wake wa mawe, hiyo ikawa kanisa. Nyumba ya mapadri tukaiweka kwa fundi cherehani Mkongo anayeshona ndani ya gereji mbele kidogo. Halafu kuna mjakaranda ambao mizizi yake imeinua njia ya miguu, na chini yake bomba la manispaa lilikuwa linavuja tangu kiangazi, maji safi yanatiririka mchana na usiku. Mpangaji wangu alipouona akasimama, akacheka mpaka akashika magoti.

"Bibi, huu ndio wenyewe. Chemchemi yetu iko hivi hivi. Wageni wanatia miguu, samaki wadogo wanawala ngozi ya nyayo."

"Hapa ukitia miguu utapata kipindupindu. Endelea."

Baada ya mti kuna ngazi za mawe za kupanda mtaa wa juu, zikawa mnara wa walinzi. Zamani zile, alinieleza, maharamia walikuja kwa bahari kuteka watu, mlinzi akiona matanga anawasha moto, watu wanakimbilia kanisani. Na juu ya ngazi kuna kiwanja cha mpira kisicho na nyasi. Hilo ndilo fungu la mchanga.

Tulitembea kila jioni akitoka kazini, mimi mtalii, yeye mwenyeji. Jumamosi fundi Mkongo alijiunga, naye alikuwa mtalii mbaya.

"Mama guide," anamwambia, "miye nimetoka Lubumbashi, nimelipa makuta mingi. Bon. Choo iko wapi?"

"Bado hatujafika kanisani, bwana."

"Touriste hajali kanisa. Touriste anauliza choo, anauliza kinywaji baridi, kiisha anauliza kanisa."

Mjukuu akasema, "Eish, anasema kweli." Basi na vyoo vikaingia katika orodha, kila mahali na choo chake, na mpangaji wangu akapiga simu kwa dada yake kuulizia vilipo.

Kwa jambo moja tuligombana. Tulikuwa mbele ya ule ukuta wa mawe, akasema kanisa lao lilijengwa kwa matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na ute wa mayai. Mayai maelfu, wanawake wa kijiji waliyaleta kwa vikapu.

"Nani kakwambia?"

"Shuleni. Kila mtu kwetu anajua."

Nikamwambia baba yangu alikuwa mchoma chokaa. Matumbawe yanapangwa juu ya tanuri la magogo, duara, makubwa chini na madogo juu, yanawaka usiku kucha na kesho yake, halafu yanaachwa yapoe na kulainika yawe unga. Tukikanda tunatia maji na mchanga, tunaacha miezi. Nyumba alizofanyia kazi baba yangu bado zimesimama. Yai hakutia hata moja.

"Labda nyinyi hamkuwa na kuku," akasema.

"Kuku tulikuwa nao. Mayai tulikula."

Hakukubali, nami sikukubali, tukapanda kwenda kwa fundi kila mtu na lake.

Kwenye mti hatukugombana. Kule kwao, mtu akipita karibu na mti kama ule anainamisha kichwa na kuwaomba njia wasioonekana, kwa sauti ya chini, tafadhali tunapita, tusamehe. Mgeni asipoambiwa anapita tu akicheka, na jioni anaumwa. Nikamwambia hata sisi pwani, mtu hakurupuki ndani ya magofu au kwenye makaburi ya kale. Anasimama, anatoa salamu, anavua viatu, ndipo anaingia. Basi kila tulipofika kwenye ule mjakaranda tulinyamaza wote wawili. Yeye akaomba kwa lugha yake, mimi nikatoa salamu kwa yangu, tukazunguka maji. Fundi Mkongo naye, mlokole yule, alivua kofia. Alisema hamwombi mtu yeyote ruhusa isipokuwa Mungu, lakini kofia ilikuwa inamchoma.

Kufikia mwezi alikuwa anauweza mkoa mzima bila daftari, kutoka gati mpaka fungu.

Usaili uliwekwa Jumanne. Kwao saa tisa mchana, kwetu saa tatu asubuhi. Aliomba ruhusa saluni akasema anaumwa jino. Mjukuu akaegemeza simu kwenye kopo la sukari mezani sebuleni, mpangaji wangu akakaa mbele yake na blauzi nyeupe, nami nikakaa pembeni nisikoonekana. Walitokea watu watatu kwenye kioo, wanaume wawili na mama mmoja wa makamo yangu, nywele nyeupe tupu. Waliongea lugha yao wakichanganya Kiingereza. Maneno sikuyajua yote, aliyoyajibu alinieleza baadaye, lakini majina niliyajua kama yeye.

Wakamwambia awatembeze. Akaanza vizuri. Gati. Mnara wa kengele. Kanisa. Halafu akanyamaza.

Nikangoja nisikie nyumba ya mapadri. Haikuja. Akafungua mdomo, akafunga. Akasema tena kanisa. Mwanamume mmoja akaandika kitu. Niliona macho ya mpangaji wangu yanavyokwenda, yanatafuta kona, na mbele yake hakuna kona, kuna kabati langu na kalenda ya duka la nyama. Hapo nikajua kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha kukumbuka kwa miguu, na sasa nimemkalisha.

Nikasahau kwamba sionekani. Nikasema, "Mwanangu, inuka utembee."

Yule mama wa nywele nyeupe akauliza, "Nani huyo?" Kiingereza hicho nilikielewa.

Mjukuu akafunika uso kwa viganja. Mpangaji wangu akawaambia ni mama mwenye nyumba, amemfundisha. Akawaambia ukweli wote, kwamba amejifunza mkoa kwa kutembea mitaa ya hapa, na kwamba kwenye kiti hawezi. Akaomba atoke nje. Wakatazamana. Mama yule akasema toka.

Sasa, Johannesburg hii mtu hatembei barabarani ameinua simu usoni. Mjukuu akanong'ona, "Bibi, tutaporwa kabla ya kanisa."

"Mwite fundi."

Fundi akaja na tepu shingoni, mkasi mkononi, wala hakuuliza. Akatangulia mbele kama askari wa rais. Mjukuu nyuma. Mimi ubavuni na mwavuli wangu, kulikuwa na jua. Katikati mpangaji wangu, simu mbele ya uso, anaongea. Mwanamume mmoja aliyekuwa akisukuma gari la machupa akatupisha, akauliza ni sinema au ni nini. Fundi akamwambia ni utalii. Yule akasema, "Sharp," akaendelea kusukuma.

Kwenye robot sauti yake ikarudi. Mbele ya ukuta wa mawe alikuwa ameshakunjuka. Yule mama akamwuliza habari ya mayai, nikaona mpangaji wangu ananitupia jicho. Akasema kwamba shuleni alifundishwa ni mayai, na kwamba anaishi na binti wa mchoma chokaa anayesema si kweli, na yeye hajui nani mkweli, kwa hiyo wageni atawaambia yote mawili na kuwaacha wauguse ukuta. Mama yule aliinama akaandika.

Gereji ya fundi tukaipita, akaeleza sakafu ya mbao na madirisha ya makombe, jinsi mwanga unavyoingia kama maziwa. Hapo mwanamume wa pili akamkatiza. Akasema, dada, umekosea. Barabara ya mkoa inapita kwenye mti kwanza, ndipo nyumba ya mapadri. Wewe umeanza na nyumba.

Alisimama. Sote tukasimama. Tulikuwa tumepanga mkoa wake kwa jinsi Troyeville ilivyokaa, si kwa jinsi mkoa wenyewe ulivyokaa, na katika mwezi mzima hakuna aliyefikiria. Hata yeye. Alikuwa ameondoka kwao miaka kumi, barabara ya hapa ilikuwa imeifunika ile.

"Ni kweli," akawaambia. "Hapa ninapotembea mti uko baada. Nikifika nyumbani nitageuza. Lakini leo nikigeuza nitapotea, niruhusuni nimalize hivi."

Yule mwanamume akakunja uso. Akasema mgeni hawezi kupelekwa kinyume. Mama akamwambia jambo kwa lugha yao, fupi, naye akamwashiria mpangaji wangu aendelee.

Tukafika kwenye mjakaranda. Maji yalikuwa yanatiririka kama kawaida. Wakamwuliza, hapa unawaambia wageni nini? Hakuwaambia. Aliteremsha simu mpaka kifuani, akainamisha kichwa, akawaomba wasioonekana njia, palepale kando ya barabara, teksi zinapiga honi. Nami nikatoa salamu zangu, midomo ilishazoea. Fundi akavua kofia. Tukazunguka maji mmoja mmoja. Alipoinua simu tena nilimwona yule mama kwenye kioo, na kichwa chake ndiyo kwanza kinainuka.

Ngazi tulizipanda polepole kwa ajili yangu. Juu kule, penye kiwanja, akawaambia habari ya fungu la mchanga, saa ya maji kupwa na saa ya kurudi, na kwamba mgeni akichelewa atarudi kwa kuogelea. Akasema vyoo viko wapi. Halafu simu ikaisha chaji.

Tulirudi nyumbani. Alivua blauzi nyeupe, akavaa sare ya saluni, akaenda kazini kumalizia siku.

Siku kumi na tano hakupata neno. Mwenye saluni alimwuliza karatasi mara mbili. Mara ya pili aliitoa tena, akaitazama usiku na mchana, na siku ya kumi na nne nilimkuta ameshika kalamu. Nilimwambia asubiri mpaka Ijumaa. Sikuwa na sababu ya Ijumaa, niliisema tu. Na sitaficha, kuna sehemu ya moyo wangu ilitaka atie saini, abaki, tuchambue mchele.

Jibu lilikuja Alhamisi akiwa ameshika mkono wa mteja. Wamemchukua kwa miezi sita ya majaribio. Mshahara chini ya ule wa kucha. Na walitia sharti kwamba kabla ya kupewa wageni atembee barabara ya mkoa mara tatu na yule mwanamume aliyemkatiza, kwa mpangilio wake halisi. Alinisomea jikoni, akasoma tena, halafu akaniuliza kama nimeelewa.

"Nimeelewa. Utapata tabu na yule bwana."

"Bibi, naenda nyumbani."

"Nimesikia, mwanangu. Kaa kwanza, ule."

Aliondoka mwisho wa mwezi. Fundi alimshonea gauni la kazi lenye mifuko minne mikubwa, akasema mwongoza watalii asiye na mifuko ni mtalii mwenzao. Mjukuu alimpeleka uwanja wa ndege. Mimi sikwenda, miguu, nikaagana naye pale getini.

Simu yake ya kwanza ilichukua wiki tatu. Nilidhani ataniambia habari za kanisa. Akaniambia habari za binti. Alimkuta mrefu kuliko yeye. Anamwamkia kwa heshima kama anavyomwamkia mwalimu, anakwenda chumbani, anafunga mlango. Analala na bibi yake bado. Na kumwita mama hamwiti, akimhitaji anakuja mpaka karibu ndipo anaongea, ili asilazimike kuita.

"Nimerudi nimechelewa, Bibi."

"Umerudi," nikamwambia. "Usimwulize kitu. Una kazi gani Jumamosi?"

"Wageni kumi na wawili. Wazee, kutoka mjini."

"Wazee wanataka maji. Mwambie binti akubebee chupa, kwamba huwezi peke yako. Atembee nyuma."

Akasema binti hapendi majengo ya kale, hakuna mtoto wa kule anayeyapenda, hajawahi hata kupanda mnara wa walinzi ingawa anaishi chini yake. Nikamwambia sikusema apende, nimesema abebe maji.

Jumapili alinipigia tena, mjukuu akaweka sauti kubwa ili tusikie wote. Binti alikuja. Alitembea nyuma kabisa na chupa kumi na mbili kwenye kikapu, hakusema neno gatini, hakusema neno kanisani. Kwenye mti wazee walitaka kutia miguu majini wote kwa pamoja, mmoja akateleza, na mpangaji wangu alikuwa upande wa pili hakuona. Binti akatupa kikapu, akamdaka yule mzee kwa kwapa, akapaza sauti.

"Akasemaje?" mjukuu akauliza.

Kule upande wa pili nikasikia mlango unafungwa, halafu akatujibu kwa Kiswahili kile kile alichojifunza jikoni kwangu.

"Akasema, Mama, njoo."